Bastakiya ya Dubai ni mtaa wa zamani kweli au seti ya kupigia picha tu?

Ikitajwa Dubai lazima atokee mtu aseme pale hamna historia, ni vioo na mchanga tu, afu mwingine anamjibu nenda Bastakiya ukaone. Mimi nimeshaupita huo mtaa mara kadhaa, asubuhi kabla jua halijawaka, na naona wote wawili wana hoja ila kuna kitu wanakiruka, na kiko juu ya vichwa vyao, darini.

Bastakiya, ambao tangu 2012 jina lake rasmi ni Al Fahidi, ulianza kujengwa miaka ya 1890 na wafanyabiashara waliotoka Bastak kusini mwa Iran, walikimbia ushuru uliopandishwa bandari ya Lingah wakati Dubai ilikuwa inawapokea bila ushuru. Walikuja na ile minara ya upepo. Jamani huu ufundi mtu asiudharau! Mnara uko wazi pande nne, ndani kuna kuta zilizokatizana kama herufi X, upepo utoke upande wowote unanaswa unashushwa chumbani, huku hewa ya moto inapanda inatokea upande wa pili, bila umeme hata kidogo. Na kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na jasi, zinapumua.

Wanaosema ni feki hawajatoa hewani. Karibu nusu ya mtaa ilibomolewa miaka ya 1980 kupisha ofisi za mtawala, na hata hiyo nusu iliyobaki ilikuwa inaelekea huko huko kama sio Rayner Otter, mchora ramani za majengo wa Kiingereza aliyekuwa anaishi humo, kupiga kelele mpaka Prince Charles alipokuja 1989 akaomba aonyeshwe. Kilichofuata ni ukarabati mkubwa, sehemu nyingi zimejengwa upya, na leo ni kafe, magalari ya sanaa na vihoteli. Kule Shindagha, mtaa mwingine wa zamani wa Dubai, nako nyumba ya Sheikh Saeed, mtawala wa zamani, ya 1896 ilijengwa upya 1986. Sasa mtoto akikuuliza ukuta huu ni wa mwaka gani, unamjibu nini?

Lakini mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe anajua nyumba ya matumbawe haijawahi kuachwa kama ilivyo. Chumvi inapanda ukutani, plasta inabanduka, boriti inaliwa na mchwa, kila kizazi kinapiga chokaa upya na kubadilisha dari, ndo maisha yake. Cha kuogopa ni simenti, ukiipaka juu ya matumbawe unafungia unyevu na chumvi ndani na ukuta unaoza huku nje unang'aa. Kwa hiyo mimi siulizi kama umejengwa upya, nauliza umejengwa na nini. Na tukumbuke Beit al Ajaib yetu pale Zanzibar, lile jumba la sultani la 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa. Baada ya kuona hilo siwezi kumcheka aliyejenga upya akawahi.

Hoja ya kwamba mtaa umekufa kwa sababu hakuna wanaoishi naikubali nusu. Zile familia za matajiri ziliondoka zenyewe, mafuta yalipatikana 1966, umeme na AC vikaja, wakahamia majumba makubwa nje ya mji, hakuna aliyewafukuza. Ila baada yao waliingia wapangaji wa kipato cha chini na nyumba nyingine zikawa stoo, na hao ndo waliozikalia zile nyumba miaka ambayo hakuna mtu aliyezitaka. Ukitembea leo utasoma habari za wafanyabiashara wa lulu, za hao wapangaji huzioni, na hapo ndo upande wa wakosoaji unanigusa zaidi.

Sasa turudi darini. Jangwa halina miti ya kubeba dari, kwa hiyo Ghuba nzima ilijengewa boriti za mikoko zilizokuja na majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, yanashuka na kaskazi kununua na kurudi na kusi. Ndo maana chumba cha zamani cha Dubai ni chembamba vile vile kama cha Lamu, upana unaishia pale boriti inapoishia, mita tatu na kidogo. Biashara hiyo ilidumu mpaka enzi zetu, Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje 1982. Kwa hiyo anayesema Dubai haina historia anaifuta na ya kwetu, na anayejivunia Bastakiya kama kazi ya Bastak na Dubai peke yake naye anafuta. Mimi ningetamani katika kila chumba chenye dari ya boriti pawe na kibao kimoja tu, kwa Kiarabu na Kiswahili, kinachotaja mikoko ilikatwa wapi, na kwamba kuna watu waliingia kwenye tope la Rufiji mpaka kiunoni kuikata.