Mwacheni Bwana Harusi Aonekane

Watu wanadhani mpiga picha anafanya kazi kwa jicho. Jicho linasaidia, sikatai, lakini anayechoka ni mdomo. Ukija studio kwangu Sinza kupiga paspoti saizi utanisikia: "Inua kidevu. Masikio yaonekane. Usitabasamu." Ukinikuta ukumbini: "Bananeni! Tabasamu! Mama wa bibi harusi, mkoba weka chini!" Baada ya miaka 11 maneno haya yanatoka yenyewe, kama konda anayeita abiria hata akiwa amelala kwake. Na siku moja yalitoka mahali ambapo hayakuitwa.

Nianze na mzee. Aliingia studio mwezi wa pili, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, suruali ina makali ya pasi. Binti yake yuko Marekani, kamwambia ashughulikie pasipoti aende kumwona mjukuu. Nikamkalisha kwenye stuli mbele ya kitambaa cha bluu, nikanyanyua kamera. Mzee akatabasamu. Si tabasamu la kuombwa lile, hapana: pengo la meno mawili mbele, macho yamezama kwenye mikunjo. Picha ya kuweka kwenye kalenda. Lakini pasipoti haitaki mambo hayo, inataka uso wa mtu aliyetoka kuambiwa luku imeisha. Nikamwambia, "Mzee wangu, usitabasamu, wataikataa." Akafunga mdomo, nikanyanyua kamera, akatabasamu tena. Mara ya tatu nikawa mkali kidogo. Ndipo akakaza taya, akakunja uso, akaniuliza huku meno yamebanana:

"Sasa nikinuna hivi, si watadhani naenda kupigana?"

Nikabonyeza. Nikamkatia picha nne, nikagonga muhuri wa studio kwa nyuma, akaenda zake.

Mwezi wa sita nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Kijana wake. Mzee amefariki, pasipoti yenyewe haijatoka, na nyuma ya picha wameukuta muhuri wangu. Wanamsafirisha Marangu, mazishi Jumatatu, msafara unaondoka Dar Jumapili alfajiri. Nitaweza? Jumamosi hiyo nilikuwa na harusi mpaka usiku. Nikaangalia ukutani, nikaona tarehe ya kodi ya fremu inavyonitazama. Nikasema nitaweza.

Ile harusi ilinimaliza. Kwanza walitaka picha za machweo Coco Beach. Kila mwaka nawaeleza watu: Coco Beach inatazama mashariki. Bahari ile inatoa jua, haimezi. Jua la Dar linazama huko nyuma, upande wa Ubungo, kwenye foleni. Anayetaka jua la kuzama majini apande boti akapigie Forodhani, Unguja. Hawasikii. Bibi harusi naye saluni wakamchelewesha, akatua ufukweni saa kumi na mbili na robo, na jua la kwetu halina subira: likishagusa mapaa, hesabu dakika ishirini, giza. Nikawageuza watazame barabarani ili ule mwanga wa mwisho uwapige usoni, na nyuma yao bahari ikawa inageuka zambarau. Wakaangalia kwenye kioo cha kamera, wakasema, "Si unaona? Machweo ya baharini." Sikubisha. Salio langu lilikuwa bado halijalipwa.

Ukumbini ndiko nilikoharibikiwa. Bwana harusi alikuwa mfupi, na alikuwa na mashangazi sita wenye vilemba mapana ya ungo. Kila nikipanga picha, kijana anapotelea kwenye vitenge, kinabaki kipara kinang'aa kama balbu. Nikapaza sauti: "Mwacheni bwana harusi aonekane!" Nikasema kwenye keki, nikasema kwenye ndafu, nikasema kwenye zawadi, mpaka MC akalidaka akalifanya kibwagizo. DJ akalitafutia mdundo. Saa sita usiku ukumbi mzima unaimba mwacheni bwana harusi aonekane, na mimi ndiye mtunzi.

Saa kumi alfajiri tuko ndani ya Coaster, mimi na dogo, msaidizi wangu, tumebanwa kati ya maboksi ya mashada. Sikulala. Nilitumia safari kumfundisha, maana ilikuwa mara yake ya kwanza msibani. Kazi ya msiba ni ya miguu, si ya mdomo. Unavaa viatu visivyolia. Flashi unazima, shata unaiweka kwenye ukimya, unasimama mbali na lenzi ndefu. Mama akianza kulia humfuati usoni kama nzi. Na hela ya msiba uikubali kama ilivyo, kwa sababu harusini unaweza kugoma mpaka umaliziwe, lakini mfiwa utamgomea nini? Tulipofika Segera nilikuwa bado naongea. Neno langu la mwisho kabla ya Himo lilikuwa hili: "Na wewe, tukifika pale, mdomo wako usiufungue kabisa."

Marangu mwezi wa sita ni baridi ya kung'ata, na baridi hunywa betri. Usiku nikalala nazo mfukoni mwa shati, chini ya sweta, kama kuku anayeatamia. Hilo nililifanya vizuri. Asubuhi nikaona tatizo jingine: jeneza liko chini ya turubai la bluu. Turubai la bluu jua likipita juu yake, watu wote chini wanakuwa na rangi ya samaki aliyelala nje. Kwenye migomba nako hakufai, majani yanamwaga mwanga wa kijani, mchungaji anatoka kama mchicha. Nikamnong'oneza yule kijana wa mzee, jeneza likasogezwa uani, kwenye kivuli cha nyumba ambako mwanga ni mweupe. Watu wakatikisa kichwa: huyu wa Dar anaijua kazi.

Basi mambo yakaenda. Ibada, wasifu wa marehemu, heshima za mwisho. Mimi kimya kama kivuli. Kisha mwongoza ratiba akashika kipaza sauti akaanza kuita makundi ya picha: watoto wa marehemu. Wakwe. Wajukuu. Upande wa mama. Jamani, hebu msikilize mtu yule. Ni orodha ileile! Watoto, wakwe, wajukuu, upande wa huku, upande wa kule, na watu wamevaa sare, na katikati kuna kitu kimepambwa maua. Saa 60 sijalala vizuri. Kichwa changu kikafunga duka, mwili ukabaki unauza.

Mwishoni wakaita familia yote. Wakaja watu 23 wakajipanga nyuma ya jeneza, mama mjane kwenye kiti. Wanawake wawili wa mstari wa mbele wakainama, vilemba vyao vikalifunika jeneza lote. Nikainua uso kutoka kwenye kamera. Nikapunga mkono.

"Haya familia, bananeni! Mashangazi, mwacheni bwana harusi aonekane! Tatu, mbili, moja, tabasamuuu!"

Nilijua nimesema nini niliposikia "tabasamuuu" inarudi kutoka bondeni.

Hapakuwa na sauti. Siku hiyo ndiyo niligundua kwamba majani ya migomba yakigusana yanatoa mlio. Mchungaji akavua miwani akaanza kuifuta. Kwaya ikatazama chini. Nikamtafuta dogo kwa pembe ya jicho: kainama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Kisha mabega ya mama mjane yakaanza kutikisika. Nikasema moyoni, basi, nimemuua na huyu. Akainua uso. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akashika jeneza asianguke. "Ee Mungu wangu! Bwana harusi!" Binti mkubwa akajaribu kujizuia, ikamtoka puani. Mjukuu akafuata, kisha wakwe, kisha wote 23. Na kidole changu, mazoea ni mabaya, kilikuwa kimebaki kwenye shata muda wote huo.

Akaniita. Nikaenda nikapiga magoti kwenye nyasi.

"Shikamoo bibi. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Sinza?"

"Ndiye, bibi."

"Alirudi nyumbani akasema kuna kijana amemkataza kucheka." Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Leo umekuja kutukataza kulia."

Sikuwa na la kujibu. Akanishika mkono, akaniambia walifunga ndoa mwaka 1967, mpiga picha aliyeagizwa kutoka mjini hakutokea, na hawana picha ya siku ile hata moja. Baada ya mazishi, mimi nikijificha jikoni na sahani ya ndizi nyama, akanifuata tena. Anaitaka ile picha waliyocheka. Kubwa, ya ukutani. "Lakini hilo sanduku ulitoe. Yeye umsimamishe hapo pembeni yangu. Si mnaweza siku hizi?"

Tunaweza. Kulitoa jeneza kulinichukua jioni moja, nikaotesha nyasi mahali pake. Tabu ilikuwa mzee mwenyewe. Familia walinitumia picha walizokuwa nazo, zote za simu, za mbali, za gizani, mtu ana ukubwa wa kiberiti. Picha moja tu ilikuwa na uso unaoweza kukuzwa ukapendeza: ile ya kwangu, ya pasipoti. Nikaikata usiku kucha. Kitambaa cha bluu kiling'ang'ania kwenye mvi zake, unywele mmoja mmoja, mpaka macho yangu yakawa mekundu. Halafu paspoti saizi inaishia mabegani. Kichwa ninacho, mtu sina.

Sasa haya ninayosema yabaki hapahapa. Kwenye kompyuta nilikuwa na mwili wa mwanamume aliyesimama wima, kwenye mwanga mzuri, suti ya bluu iliyokoza, ua jekundu kifuani, mkono mmoja mfukoni. Yule wa Jumamosi. Mabegani waliingiana kama waliokatwa na fundi mmoja.

Bibi alikuja Dar mwezi wa nane, akafikia kwa mwanawe Kimara. Nikapeleka picha mwenyewe, kwenye fremu, nimeifunga gazeti. Akaifungua juu ya mapaja. Watu 23 wanacheka mpaka magego yanaonekana, na katikati yao mzee amesimama na ua kifuani, uso umekunjwa, taya zimekazwa, anamtazama mtu kama anayetaka kupigana naye. Mwanawe akaikodolea macho.

"Kaka, mbona baba peke yake ndiye amenuna?"

Nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza habari za masharti ya pasipoti. Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kioo, taratibu, kutoka kwenye uso mpaka kwenye kola ya ile suti.

"Mwache," akasema. "Hata siku ile alinuna hivihivi. Suti ilikuwa ya kuazima."