"Imekataa" si ujumbe

Saa nne usiku simu inaita. Ni kijana tunayefanya naye kazi, kabaki ofisini peke yake. "Kaka, ile skripti imekataa." Imesemaje? "Imekataa tu. Nimeweka sudo, nimepiga chmod 777, nimesakinisha Bash upya, wapi!" (Sudo ni kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi; chmod hubadili ruhusa za faili, na 777 humfungulia kila mtu.)

Neno hilo, "imekataa", ndilo ugomvi wangu. Sheli (siyo ya mafuta, ile ya kuandikia amri; Bash ni mojawapo) haikatai kimya kimya. Inaandika ujumbe, na inaacha namba. Amri ikishindwa, kabla hujagusa kitu kingine andika echo $? uione namba hiyo. Ikitoka 127, kwa kawaida sheli haikuiona programu. Ikitoka 126, imeiona ila haiwezi kuiendesha. Ni maradhi mawili tofauti, na anayeyatibu yote kwa sudo hana tofauti na zahanati inayomwandikia kila anayeingia dawa ya malaria. Tena sudo yenyewe inaweza kuzua "command not found" pasipokuwepo: kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ina orodha yake ya folda za kutafutia, kwa hiyo programu uliyoiweka ~/bin (folda ya bin ndani ya folda yako ya nyumbani), na ikawa inaitika vizuri, ghafla "haipo".

127 nyingi ni mambo ya PATH, yaani orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu. Aliyezoea cmd ya Windows anashangaa zaidi, maana kule hutafutwa kwanza katika folda uliyomo. Linux haifanyi hivyo, ndiyo maana ya ile ./ ("katika folda hii hii") inayowaudhi watu. Mimi naitetea. Kwenye seva ya watu wengi, mtu akiacha faili lake lenye jina ls katika folda ya pamoja, usingependa uliendeshe bila kujua. Na kwa kutafuta programu ilipo tumia type, achana na which. Bash hukumbuka mahali ilipoikuta programu mara ya kwanza, na which haina habari na kumbukumbu hiyo. Ukiihamisha programu, sheli inaendelea kubisha hodi nyumba ya zamani mpaka uandike hash -r.

Turudi kwa kijana. Nikamwambia anisomee ujumbe wote, bila kuruka kitu. Akasoma: "bin bash, bad interpreter, No such file or directory." Akaongeza, "Lakini faili lipo, Kaka, naliona hapa!" Alikuwa sahihi. Na sheli nayo ilikuwa sahihi.

Nikamwambia aangalie tena pale baada ya neno bash. Kimya kidogo. "Kuna kikofia na M." Alikuwa amekiruka, kama tunavyokiruka wote: /bin/bash^M. Skripti aliiandikia kwenye Windows, ambako kila mstari hufungwa kwa alama mbili, ya 13 na ya 10. Linux hufunga kwa ile ya 10 peke yake. Kerneli (kiini cha Linux) iliposoma mstari wa kwanza, ule wa #! unaotaja programu ya kuiendesha skripti, ikaichukua ile 13 kuwa sehemu ya jina, ikaenda kutafuta programu iitwayo bash-na-kitu-kisichoonekana. Haipo, na haijawahi kuwepo. Faili lililokosekana halikuwa lake. Dawa ni mstari mmoja:

sed -i 's/\r$//' hamisha.sh

Hapa lawama siwapi vijana. Matoleo mapya ya Bash yameufanya ujumbe huo kuwa "cannot execute: required file not found", na faili gani hasa linalohitajika halitajwi. Angalau ule wa zamani ulikuwa unakuonyesha kikofia.

Wiki iliyofuata akapiga tena, safari hii kwa mbwembwe: "Kaka, ni 126, Permission denied." Nikajibu bila kufikiri: chmod +x, yaani lipe faili ruhusa ya kuendeshwa. Kapiga, bado 126. Akanisomea ls -l, x zipo zote. Nikamuuliza nani mwenye faili, nikamuuliza habari za folda, tukazunguka kama dakika arobaini. Kumbe alikuwa anaiendeshea ndani ya /tmp, na aliyeisanidi seva ile aliifunga /tmp kwa noexec, yaani hakuna faili la humo linaloruhusiwa kuendeshwa lenyewe. findmnt /tmp ingetuambia kwa sekunde moja. Alipoandika bash hamisha.sh ikaenda, maana hapo Bash inalisoma tu lile faili, haliendeshwi lenyewe. Aliniuliza kama hilo nalo nilikuwa nalijua.

Nikamwambia mtandao unakatika.