Nyanya za Buñol: sherehe ya kijiji ni ya nani?

Kila Jumatano ya mwisho ya Agosti, watu hurushiana nyanya kwa saa nzima huko Buñol, mji mdogo ulio kilomita 40 hivi magharibi mwa Valencia, Uhispania. Sherehe hiyo inaitwa La Tomatina. Wakazi wa Buñol hawafiki 10,000, lakini kufikia mwaka 2012 waliomiminika siku hiyo walikadiriwa kuzidi 40,000. Mwaka uliofuata halmashauri ikakata shauri: watu wasizidi 20,000 hivi, mgeni alipe kiingilio cha euro 10, wenyeji watengewe nafasi zao bila malipo.

Je, ilikuwa haki? Mimi nasema ndiyo, ingawa wanaolalamika wana hoja nzito.

Hoja yao inaanzia kwenye historia. La Tomatina haikubuniwa na ofisi ya utalii. Mwaka 1945 vijana walizozana katikati ya gwaride, wakanyakua nyanya kwenye meza ya muuza mboga, mchezo ukaanzia hapo. Wakubwa wa enzi za Franco, dikteta wa Uhispania wakati huo, waliupiga marufuku. Mwaka 1957 wenyeji wakajibu kwa kuizika nyanya: waliiweka kwenye jeneza, wakalibeba mitaani huku bendi ikipiga muziki wa msiba. Muda si mrefu sherehe ikaruhusiwa tena. Sasa mtu ambaye babu yake alilibeba jeneza lile akiona mtaa wake umewekewa vizuizi na wakaguzi wa tiketi, ana kila sababu ya kuumia.

Ila mtaa wenyewe ni mwembamba mno. Asubuhi ya siku hiyo nyumba zinakuwa zimefunikwa turubai kubwa, na malori yenye nyanya zaidi ya tani 100 yanapita taratibu huku watu wamejibana ukutani kuyapisha. Fataki ikilia, kazi inaanza. Kuna masharti: ponda nyanya kabla ya kuirusha isije ikamuumiza mtu, usichane nguo ya mwenzako, kaa mbali na magurudumu, na fataki ya pili ikilia, acha papo hapo. Masharti hayo yanashikika watu wakiwa na nafasi ya kusogea. Kwa umati wa 40,000 hayashikiki, na anayekanyagwa hasaidiwi na historia.

Kuna na suala la chakula. Waandaaji husema nyanya hizo hazina ubora wa kuuzwa kwa ajili ya kula. Nalipokea jibu hilo nusu tu, kwa sababu linaeleza bei yake sokoni, halielezi jasho la aliyezilima.

Wanaotaka wageni waje bila kizuizi wanashika hoja ya uchumi, na kwa sehemu kubwa ya Uhispania wana haki. Mkoa wa Soria una watu wapatao 90,000 tu kwenye eneo linalozidi kilomita za mraba 10,000. Vijana walihamia Madrid, Zaragoza na Barcelona, vijiji vikabaki na wazee. Vijiji vingi vimehamishia sikukuu ya mtakatifu wao mwezi Agosti ili waliohama waweze kuja wakati wa likizo. Kwa siku chache kijiji kinajaa: kuna maandamano ya sanamu ya mtakatifu, sufuria kubwa ya wali kwa wote, na dansi hadi alfajiri. Baa inayopata riziki yake siku hizo haiwezi kumfukuza mgeni.

Jicho la mgeni nalo lina faida nyingine isiyopendwa kutajwa. Huko Tordesillas, mji wa jimbo la Castilla y León nchini Uhispania, fahali alikuwa akifukuzwa na kuchomwa mikuki hadi kufa mbele ya watu. Wenyeji wengi waliutetea mchezo huo kama urithi wao, wakawaambia wapinzani wayaache yasiyowahusu. Mwaka 2016 serikali ya jimbo hilo ilipiga marufuku kumuua fahali hadharani katika sherehe za namna hiyo. Kelele za watu wa nje zilichangia sana, na nafurahi kwamba zilipigwa. Mila kuwa ya kwao hakuipi ruhusa ya kila kitu.

Kwangu mimi, kipimo ni kama wenyeji bado wana sehemu yao ambayo haiuzwi. Aliyefika Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa atanielewa: watalii wanakuja na kamera zao, lakini wanaochapana kwa migomba ni wenyeji, na mgeni anakaribishwa chakula kama mgeni. Sherehe inayowageuza wenye mji kuwa wahudumu tu siku ya sikukuu yao imeshakufa, hata ikiingiza fedha kiasi gani.

Kwa hiyo Mswahili anayeishi Ulaya na ana likizo ya Agosti, ningemshauri aanze na kijiji kidogo cha Soria au cha Teruel, mkoa mwingine wenye watu wachache. Alale hapohapo, anunue mahitaji yake hapohapo, na aulize mapema kwenye baa au halmashauri kama kuna tiketi za mlo wa pamoja, kwa maana mara nyingi huuzwa kabla ya siku yenyewe. Akitaka Buñol, aende, alipe kiingilio bila kinyongo, ashike masharti. Na halmashauri ya Buñol, tiketi zigombaniwe vipi, isiziguse zile nafasi za bure za wenyeji.