Kazi Iliyosifiwa Sana Si Lazima Iingie Jaladani

Mwanafunzi anayeandaa jalada la kazi zake za sanaa ili aombe nafasi ya masomo huanza, mara nyingi, na zile zilizosifiwa na jamaa na marafiki, na miongoni mwa kazi hizo haikosi sura ya mtu mashuhuri iliyonakiliwa kwa penseli kutoka kwenye fotografia, unywele kwa unywele. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kutiliwa shaka. Inathibitisha subira na utulivu wa mkono, lakini maamuzi makubwa, yaani pembe ya kutazamia, mwelekeo wa mwanga na mahali pa kuishia picha, yalikwisha kufanywa na mpiga picha. Mchoro wa mkaa wa kiti kilichopinduliwa, uliochorwa mbele ya kiti chenyewe na ambao bado una mistari iliyosahihishwa, humweleza mtahini mengi zaidi kuhusu jicho la aliyeuchora.

Tathmini ya sanaa ya AP (Advanced Placement), mpango wa masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari nchini Marekani unaosimamiwa na shirika la College Board, imeliweka jambo hili wazi katika mgawanyo wa alama: picha 15 za uchunguzi endelevu, yaani kazi zinazofuatilia swali moja kwa muda, ambazo zinaweza kuonyesha majaribio na hatua za kazi, hubeba asilimia 60, ilhali kazi 5 zilizoteuliwa kwa ubora wake hubeba asilimia 40. Ndiyo maana kurasa chache za daftari la michoro zinastahili nafasi, mradi ziwe za kweli. Daftari lililojazwa na kupambwa baada ya kazi kukamilika hutambulika upesi, kwa kuwa halina wazo hata moja lililoachwa njiani.

Katika kuteua, nashauri kazi zote zitandazwe sakafuni kwa pamoja, na kila moja iulizwe inaongeza nini ambacho jirani yake hajakisema. Mandhari mbili zenye rangi na mpangilio uleule hupunguzana nguvu, hivyo moja iondoke, hata ikiwa ilichukua wiki nyingi. Sikubaliani na ushauri kwamba ni lazima jalada liwe na kipande kimoja cha kila kitu, rangi ya maji, ufinyanzi, chapa na picha za kompyuta, kana kwamba ni orodha ya mahudhurio. Mwanafunzi aliyelifuatilia swali moja kwa mkaa, kisha kwa karatasi zilizochanwa, kisha kwa udongo, ameonyesha upana bila kuutangaza. Bila shaka masharti ya chuo husika hutangulia: kikidai michoro ya kutazama vitu halisi, itolewe, na kikitaja idadi, isizidishwe.

Uwasilishaji hudharauliwa, na hapo kazi nzuri nyingi huharibika. Mchoro upigwe picha ukiwa umesimama wima, kamera ikiwa sambamba nao na katikati yake, kwa mwanga wa dirisha usio na jua la moja kwa moja, au kwa taa mbili zinazofanana zilizowekwa pande mbili kwa pembe ya nyuzi 45. Mmweko wa kamera huacha doa jeupe kwenye rangi ya mafuta na kwenye kioo cha fremu, kwa hiyo uzimwe, na kioo kiondolewe kabla ya kupiga. Taa za manjano hubadilisha rangi zote. Picha ilinganishwe na kazi yenyewe kabla haijahifadhiwa. Sanamu inahitaji usuli mtupu, picha za pande kadhaa na moja ya karibu.

Chini ya kila kazi yaandikwe jina, nyenzo, vipimo, urefu wa kwenda juu ukitangulia upana, na mwaka. Maelezo ya ziada yawe mafupi na yahusu kazi hiyo hasa: kwa nini karatasi ilichanwa, au kwa nini uso uliachwa bila macho. Habari ya kupenda kuchora tangu utotoni haimsaidii mtahini, ambaye ameisoma mara nyingi mno. Jalada la kidijitali likikamilika, lifunguliwe kwenye simu na kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutumwa, kwa sababu mchoro wa penseli hafifu unaoonekana vizuri kwenye skrini moja unaweza kufifia kabisa kwenye nyingine.