Wimbo kwenye somo la jiografia, si disko

Kuna malalamiko yanazunguka huku Mombasa kuhusu mwalimu wa jiografia wa kidato cha tatu, ati anaingia darasani na kispika, anapiga taarabu, chakacha, siku nyengine bongo fleva, kisha anawaambia watoto waandike kila neno la bahari, upepo na mlima walilolisikia. Mzazi mmoja kasema yeye halipi karo ya disko. Ana haki ya kuuliza na ntamfikia, lakini wengi wanaompigia makofi naona wamehukumu kwa kuskia muziki dirishani tu.

Maana hapa hakuna aliyesema wimbo utafundisha silabasi nzima, kinachotafutwa ni istilahi zikae kichwani. Na istilahi ndizo zinawatesa hawa watoto. Mtoto wa Kisauni anakariri ria kama jina la mtu asiyemjua, fafanuzi neno kwa neno, na ria yenyewe, lile bonde la mto lililomezwa na bahari ilipopanda, anaipita juu yake kila asubuhi matatu ikivuka daraja la Nyali. Sasa akiskia wimbo unataja mkono wa bahari na mwalimu akausimamisha hapo hapo akamuuliza huo mkono ulikuwa nini kabla haujajaa maji, ushamshika. Tena sisi watu wa pwani tuna ajabu, mtoto tunampeleka chuo cha Kurani miaka minne anaimba alifu be te, kasida za maulidi anazo zote kichwani na hakuna aliyekaa kumfundisha, na hatujasema huko kunachezwa. Kufika skuli ndio sauti inakuwa upuuzi?

Lakini hoja ninayoipenda mie ni ile ambayo wapinzani wanaitumia kama rungu: nyimbo zinadanganya. Ni kweli kabisa, na ndio raha yake. Chukua Africa, wimbo wa Toto, bendi ya Marekani, wa 1982, unaojulikana dunia nzima, ambao unauinua Kilimanjaro juu ya Serengeti kana kwamba ukisimama mbugani unauona umekukalia kichwani. Mpe mtoto atlasi na rula, mwambie atumie skeli. Atapata zaidi ya kilomita 200 baina ya mbuga na mlima. Hapo wale wepesi watapiga kelele kwamba dunia ni duara kwa hivyo hauwezi kuonekana, na mwalimu mwenye akili hatawakubalia haraka, manake mlima wa mita 5,895 ukipiga hesabu ya upeo wa macho unaweza kuonekana mbali hata kuliko hapo kama hakuna kizuizi, ila kizuizi kipo, kuna utusitusi wa hewa na kuna nyanda za juu za Ngorongoro zinazopita mita 3,000 zimesimama upande huo. Hebu hesabu umefundisha nini hapo: skeli, mwinuko, upeo wa macho, nyanda za juu, na hakuna aliyesinzia. Kitabu kinachosema ukweli mtupu hakimpi mtoto nafasi ya kubisha, na mtoto wa Mombasa bila kubisha hajifunzi kitu.

Nyimbo za mapenzi ndio usiseme. Mpenzi kaenda na maji atarudi na maji, sawa, lakini wimbo ukidai maji hurudi saa ile ile kila siku umeumbuka, kwa sababu mwezi nao unasogea na maji ya kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Na hapo yule mtoto wa mvuvi wa Mtongwe asiyenyoosha mkono mwaka mzima ndiye atawaeleza wenzake bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Haya, upande wa pili. Walimu wanaokataa mtindo huu si wakoloni kama wanavyochekwa. Wao wamesahihisha karatasi, wanajua mtihani hauulizi kaskazi ni nini ukaishia hapo, unataka sababu: kwa nini upepo unavuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba mpaka Machi, na ukijibu sharti utaje bara la Asia lililopoa na kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, iliyopanda kule. Wimbo utakwambia kaskazi imewadia na majahazi yanaingia, kanieneo hauigusi. Vile vile hakuna wimbo utakaokuchorea mwamba wa matumbawe na majina yake pembeni, wala kukueleza kwa nini mwamba huo unakatika pale mto Sabaki unapomwaga maji matamu na tope. Kipindi ni dakika 40, ukila 20 kwa muziki umebaki na nini? Hilo nalikubali bila ubishi, na mwalimu anayepiga wimbo mzima mara mbili anapoteza wakati wa watu. Beti moja inatosha.

Kuhusu maneno ya aibu kwenye baadhi ya nyimbo, mwalimu achague, basi, hiyo si hoja ya jiografia, na hao watoto wanazisikia kwenye manyanga, zile matatu za mapambo na muziki, kwa sauti inayotetemesha vioo.

Mie ningemuomba huyo mwalimu kitu kimoja tu, kila beti ifuatwe na karatasi tupu na penseli, mtoto achore alichokisikia kisha aeleze kimetokeaje. Na ikiangukia bamvua Jumamosi awashushe pwani mwenyewe, maana huku kwetu bamvua maji hupwa kabisa saa nne saa tano hivi asubuhi, mwamba unaonekana wote. Yule mzazi wa disko naye aalikwe, aje na viatu vya kukanyagia matumbawe.