Wazee wa Lamu na ngozi ya punda

Neno lenyewe ni la Kiingereza, "hidebound": husemwa kwa mtu aliyefungwa na mazoea, asiyetaka kubadilika. Nilikutana nalo katika ripoti ya kurasa 12 ambayo ofisi moja ilinipa niitie Kiswahili. Ilihusu usafiri katika mji wa kale wa Lamu, na ukurasa wa 4 mwandishi alilalamika kwamba pikipiki bado hazitakiwi vichochoroni kwa sababu ya wazee ambao ni "hidebound". Sentensi fupi tu, lakini ilinila siku mbili.

Kwanza niliandika "wazee wahafidhina", nikasonga mbele. Ndilo neno ambalo redio ingelitumia, na hakuna kamusi ingenisuta. Jioni nikamsomea mwalimu wangu wa zamani, tumekaa barazani kwake.

"Wahafidhina?" akauliza. "Sasa hapo, mwanangu, kawatukana au kawasifu?"

Sikuwa na jibu. Mhafidhina na hifadhi ni mzizi mmoja. Hafidhi ni mtu aliyeiweka Kurani nzima kifuani. Mji wenyewe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sifa iliyouingiza ni hiyo hiyo ya kuhifadhika. Ukimwita mzee wa hapa mhafidhina umekaribia kumvika kilemba, na mwandishi wa ripoti hakuja kugawa vilemba.

Ikabidi nilipasue lile neno. "Hide" hapa ni ngozi ya mnyama, wala si kujificha, ingawa yameandikwa sawasawa. Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliposikia akasema ni kitabu chenye jalada la ngozi. Si kosa la kijinga. Maneno yenyewe yanaruhusu. Matata zaidi yako kwenye "bound", kwa sababu Kiingereza kina "bound" kadhaa zilizovaa sare moja. "Northbound" ni gari linaloelekea kaskazini, "snowbound" ni gari lililokwama thelujini. "Homebound" ndilo korofi kuliko yote: laweza kuwa msafiri anayerudi kwao, na laweza kuwa mgonjwa asiyeweza kutoka kwao. Katika neno letu ni ile ya kufungwa. Aliyefungwa na ngozi yake.

Na wa kwanza kufungwa hakuwa binadamu. Waingereza wa karne ya 16 walilitumia kwa ng'ombe aliyekonda hadi ngozi ikashika mbavu na uti wa mgongo, ukiivuta kwa vidole haivutiki. Farasi naye akaitwa hivyo. Wakulima wa bustani wakalipeleka kwenye mti ambao ganda lake limeubana hata shina halinenepi. Kuna wakati lilimaanisha pia bahili, yule ambaye sisi tunasema ana mkono wa birika. Kufikia mwaka 1644 mshairi wa Kiingereza John Milton, akiandika kupinga sheria ya kutaka kila kitabu kipitishwe na mkaguzi kabla ya kuchapishwa, alilitumia kwa tabia ya mkaguzi huyo. Maana ya akili iliyobanwa ndiyo iliyobaki mjini; ng'ombe akasahauliwa shambani.

Mimi sikuweza kumsahau, kwa sababu hapa kwetu yuko punda. Asubuhi iliyofuata nilishuka Mkunguni, mbele ya ngome, na kulikuwa na punda wawili wakishushwa mifuko ya saruji. Mmoja nilimshika ngozi ya bega kwa vidole viwili: ikanyanyuka, nikaiachia, ikarudi mahali pake. Wa pili alikuwa mzee, kidonda cha shogi kimepona mgongoni na kuacha baka jeupe. Nilijaribu pale pale begani. Vidole viliteleza, hapakuwa na cha kushika. Mwenye punda akanitazama kama anayetaka kuniuliza nina ugonjwa gani.

"Huyo hali vizuri siku hizi," akasema. "Nitampeleka hospitali."

Hospitali ya punda ya Lamu ipo tangu mwaka 1987 na haitozi kitu, kwa hiyo nilimwamini.

Mwalimu nilipomweleza alishikilia kwamba picha ya mnyama iingie katika tafsiri. Hoja yake ina uzito. Punda yule hakuwa mkaidi. Ngozi haikumganda kwa kupenda kwake, ilimganda kwa njaa na mizigo. Neno la Kiingereza, ukilirudisha shambani kwake, linauliza nani alikuwa na jukumu la kumlisha. Mzee anayekataa pikipiki leo pengine ni mtu ambaye mji wake umepangwa miaka mingi bila yeye kuitwa kikaoni.

Ila mimi nalipwa kufasiri, silipwi kumtetea mtu. Mwandishi wa ripoti hakumwona ng'ombe yeyote alipoandika, na Mwingereza wa leo akilisoma hamwoni. Tamathali imekufa. Nasi tukisema fulani ana mkono wa birika hakuna anayegeuka kutafuta chai. Nikiandika "wazee walioganda ngozi kwenye mbavu" msomaji atashtuka, atadhani kuna baa la njaa mtaani Mkomani, na huruma atakayoipata itakuwa yangu. Mwandishi hakuwa nayo. Nadhani hapa mwalimu alikuwa na haki kuhusu wazee, lakini si kuhusu kazi.

Nikatafuta neno la katikati. Kukakamaa lilinivutia: ngozi ikianikwa juani hukakamaa, na mtu mbishi hukakamaa. Lakini sema "wazee wakakamavu" uone. Umewasifu tena, umewafanya mashujaa. Ajabu ya Kiswahili ni hii, kwamba maneno yake mengi ya kutotikisika ni ya heshima. Labda hatukuwahi kuona ubaya mkubwa katika kutotikisika.

Mwishowe nikaandika "wazee waliogandamana na desturi". Ngozi hugandamana na mbavu, mtu hugandamana na jambo, na hakuna anayejivunia kugandamana. Njaa imepotea njiani, nakiri, lakini lawama imefika.

Ofisi ilinirudishia ripoti na sahihisho moja tu, kwa wino mwekundu: "wahafidhina". Lile langu, walisema, halijazoeleka. Nikaliacha, nikalipwa. Siku ripoti iliposomwa mbele ya watu, msomaji alifika ukurasa wa 4 akatamka "wazee wetu wahafidhina", na kwenye safu ya mbele vikofia vikatikisika taratibu, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja aliweka mkono kifuani, akaitikia, "Ahsanteni."

Mwalimu, pembeni yangu, alikuwa ameuma kikuto cha kanzu asicheke.