Mama yake Lincoln na waliolala jirani naye

Kilima chenye kaburi la Nancy Hanks Lincoln, kusini mwa Indiana huko Marekani, kinajulikana kwa sababu mwanawe, Abraham, alikuja kuwa rais. Mimi nawatazama zaidi waliozikwa pamoja naye.

Familia ya Lincoln ilihama Kentucky mwishoni mwa 1816, ikafyeka msitu karibu na kijito cha Little Pigeon. Mwaka 1818 ukaingia ugonjwa wa maziwa. Ng'ombe walijitafutia malisho porini, wakala mmea wa msituni wenye maua meupe ambao una sumu, na sumu ile ikapita kwenye maziwa. Aliyeyanywa alitetemeka, akatapika, na mara nyingi hakupona. Walowezi hawakujua chanzo.

Walitangulia Thomas na Elizabeth Sparrow, waliomlea Nancy. Akafuata jirani, mke wa Peter Brooner, ambaye Nancy alikuwa akimuuguza. Tarehe 5 Oktoba Nancy naye akafariki, ana miaka 34. Abraham alikuwa na miaka 9. Mume wa Nancy alikuwa seremala, akamtengenezea jeneza kwa mikono yake. Hapa huwa nasita kusoma. Mtu ametoka kuzika walezi wa mkewe, sasa anapima mbao za mkewe mwenyewe.

Tukilitazama kaburi la Nancy peke yake, tutaona msiba wa nyumba moja. Makaburi ya jirani ndiyo yanayoonyesha kwamba maradhi yalipita nyumba kwa nyumba, msimu mmoja. Kwa hiyo naona ni dhuluma wengine kutajwa kama wasindikizaji tu.

Mwaka 1830 familia ilihamia Illinois. Jiwe linaloonekana leo liligharimiwa na mfanyabiashara Peter Studebaker mwaka 1879, na hata hilo limewekwa kwa kukadiria, maana mahali hasa palishapotea. Huyo ni mama wa rais!

Nasi tunaozika shambani, iwe kihambani Kilimanjaro au kwingineko, tuko hatarini zaidi. Mawe hubomoka, na mashamba hugawanywa na kuuzwa. Wengi tukikumbuka kuandika, huishia jina na mwaka. Naomba tuongeze alikufa kwa nini, na nani waliozikwa mwaka uleule. Bibi na babu waulizwe wangali na nguvu za kutembea hadi makaburini na kuonyesha kwa kidole, kabla mpima ardhi hajaitwa.